Jumba la Vuga: Tikiti na Paa

Jumba la sinema la Vuga, katika Mji Mkongwe wa Unguja, limepewa majina mawili katika umri wake wa zaidi ya miaka 100, na yote mawili ni ya Kiingereza na ya fahari. Lilipofunguliwa mwaka 1921 liliitwa Royal Cinema Theatre; lilipojengwa upya mwaka 1955 likaitwa Majestic. Waliolijaza hawakuwa na ufalme wala enzi. Walikuwa makarani, wachukuzi wa bandarini, mafundi cherehani, wauza samaki, wanafunzi waliodunduliza senti za wiki nzima, na wanawake wa mabuibui waliotoka nyumbani kwa makundi kama waendao harusini. Habari za jumba hilo ni habari za watu hao zaidi ya kuwa habari za kuta, na kwa sababu hiyo haziwezi kuishia Vuga. Zinavuka mkondo hadi Msasani, na kutoka Msasani zinapanda hadi Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako sinema hutazamwa kila usiku bila ya jumba lolote la fahari.

Mwenye Royal alikuwa Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa Unguja aliyetambua mapema kwamba picha zinazocheza si mchezo wa kupita. Kabla ya Royal, wenyeji walikuwa wamekwisha kuonja sinema katika kibanda kilichoezekwa kwa mabati, na jina la kibanda hicho, Sinema ya Bati, lilibaki vinywani mwa wazee muda mrefu baada ya mabati yenyewe kuliwa na kutu. Kutoka kwenye bati hadi Royal ni hatua ndefu. Mchoro wa jumba jipya ulifanywa na John Houston Sinclair, Mwingereza aliyekwisha kuchora Mahakama Kuu ya hapo hapo Vuga, na ambaye mwaka 1922 alifanywa Mkaazi wa Kiingereza, yaani mtawala hasa nyuma ya kiti cha Seyyid Khalifa bin Harub. Beit al-Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja lililofunguliwa mwaka 1925, nalo ni kazi ya mkono wake. Si kawaida mtu mmoja kuchora mahali pa kuhukumia watu, mahali pa kuhifadhia mambo yao ya kale na mahali pa kuwachekeshea, na yote yakawa katika mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Neno "theatre" katika jina la Royal halikuwa pambo. Jumba la aina hiyo lilijengwa likiwa na jukwaa mbele ya pazia, na sinema za miaka ile, zilizokuwa bubu, zilihitaji watu hai wa kuzisindikiza: mpiga ala, au mjuzi wa kusoma maandishi akawapasulia jirani zake maana. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi moja ambayo wataalamu wa sinema hawaitii maanani, nayo ni desturi ya mtazamaji kumfasiria mwenzake. Filamu ilikuja kwa Kiingereza, kisha kwa Kihindi na Kiarabu. Maandishi ya Kiswahili hayakuwapo. Basi katika kila safu kulikuwa na mtu aliyejifanya mkalimani, na wengine hawakujua lugha yenyewe hata kidogo. Walikuwa wameitazama filamu siku mbili kabla na sasa walikuwa wakisimulia kwa kumbukumbu na kwa ubunifu. Wengi waliipenda hadithi ya mkalimani kuliko ya mtunzi.

Sauti ilipoingia, mambo yalibadilika kwa namna ambayo wapenzi wa ushairi wanapaswa kuitazama kwa makini. Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitoka Bombay mwaka 1931. Misri haikukawia: Mohammed Abdel Wahab aliimba katika al-Warda al-Bayda mwaka 1933, na Umm Kulthum akaonekana katika Wedad mwaka 1936. Pwani ya Waswahili ilikuwa tayari na masikio. Siti binti Saad alikwisha kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na kundi la Ikhwani Safaa lilikuwa likipiga taarabu Unguja tangu mwaka 1905. Njia ya bahari iliyopeleka sauti ya Siti India ndiyo iliyoleta sauti za India na Misri. Tofauti ni kwamba santuri ilikaa kwa mwenye uwezo wa kununua gramafoni, lakini tikiti ya safu ya mbele mtu wa kawaida aliimudu. Aliingia, akatoka na lahani kichwani, na kesho yake lahani ile ilikuwa barabarani.

Hapo washairi wakapata kazi mpya na ngumu. Wimbo wa taarabu wa kawaida una mishororo mitatu, na kila mshororo una vipande viwili vya mizani sawa, minane kwa minane. Lahani ya filamu haina habari na hesabu hiyo. Inapanda pale ambapo mshororo wa Kiswahili unataka kushuka, inarefusha silabi ambayo haikuumbwa kurefushwa, inarudia kipande kifupi mara tatu kabla ya kwenda mbele. Mtunzi aliyetaka maneno yake yaimbwe kwa lahani ya Kihindi ilimbidi apime silabi juu ya muziki, si juu ya vidole. Wako waliosema, na wangali wako wasemao, kwamba kwa kufanya hivyo vina vililegea na maneno yakawa ya kujazia nafasi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Nyimbo dhaifu za namna hiyo ni nyingi. Hata hivyo lawama hiyo inasahau kitu. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa lahani za Kihindi maisha yake yote, na wasikilizaji wake walimsikiliza kwa maneno, wakayahifadhi kwa moyo, wakayabishania barazani kama wabishanavyo juu ya fumbo la shairi. Lahani ngeni haikuua ushairi. Iliulazimisha kuwa mwepesi wa kupinda, na mashairi mengine yalikuwa na haja kubwa ya kupindwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Royal iliungua. Mwaka 1955 jumba likasimama tena mahali pale pale, sasa kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, katika mtindo wa kileo wa wakati ule: mistari iliyonyooka, pembe zilizoviringwa, uso wa jengo usiokuwa na nakshi za Kiarabu wala matao ya Sinclair. Wapo wanaoona kwamba mji ulipoteza kitu kizuri, na penginepo ni kweli. Lakini Majestic ilikuwa na jambo ambalo Royal haikuwa nalo. Ilifunguliwa wakati wa mavuno makubwa kabisa ya sinema ya Kihindi. Awara ya Raj Kapoor ilikuwa imetoka mwaka 1951 na katikati ya muongo huo ilikuwa ikizunguka Afrika Mashariki. Mother India ya Mehboob Khan ikafuata mwaka 1957. Habari ya kijana mwana wa hakimu aliyelelewa na mwizi, au ya mama anayempiga risasi mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya kijiji, hazikuhitaji mkalimani mrefu pwani. Mambo ya nasaba, heshima na mtoto aliyepotea ndiyo mambo ya hadithi za Kiswahili tangu zamani.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mji ulikuwa na majumba mengine, Empire, Sultana, Cine Afrique, na yote yalijaa. Watu wa Ng'ambo walivuka Darajani kwa miguu wakiwa wamevaa nguo zao za sikukuu. Walanguzi walinunua tikiti asubuhi na kuziuza jioni kwa bei ya juu, na hakuna aliyewalaani kwa dhati, maana mwenye kumpeleka mchumba hakutaka kurudishwa mlangoni. Ilitokea mkanda mmoja wa filamu kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja: la kwanza likaanza mapema, la pili likachelewa, na kijana wa baiskeli akawa anakimbiza reli moja moja kutoka jumba hili hadi lile. Akitoboka gurudumu njiani, umati mzima ulikaa gizani ukipiga miluzi.

Na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Jambo hili limeandikwa kidogo kuliko linavyostahili. Mwanamke ambaye asingeweza kuonekana katika umati wa wanaume alikuwa na saa yake ndani ya jumba la umma, katikati ya mji, mchana, pamoja na mamia ya wenziwe. Alilia alipotaka, akacheka kwa sauti, akaikosoa mishono ya nguo za pazia la picha na kwenda kumweleza fundi wake anavyotaka gauni la Idi. Mwenye jumba hakufanya hivyo kwa kupigania haki za mtu. Alifanya kwa kuwa viti vya mchana vilikuwa vitupu na nusu ya mji ilikuwa haijanunua tikiti. Lakini biashara yake ilifungua mlango ambao hakuna kamati iliyoufungua.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Kwa miaka 40 na ushei, kati ya tikiti na paa kulikuwa na kamba iliyonyooka. Mwenye jumba aliishi kwa kujaza viti. Viti visingejaa kama paa linavuja, kama mashine inakwama, kama filamu ni kuukuu. Kwa hiyo sehemu ya senti iliyoingia dirishani ilirudi juu ya paa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, majumba ya sinema ya Unguja yaliingia mikononi mwa Serikali. Haki ya jambo hilo inaweza kubishaniwa, na katika mji ambao mali na rangi vilikuwa vimefungamana kwa muda mrefu, si ajabu kwamba wengi waliliona kuwa ni haki. Lakini kamba ilikatika. Mapato yalikwenda penye haja nyingine, na haja zilikuwa nyingi, shule, hospitali, nyumba za Michenzani. Nani angesimama mbele ya haja hizo akaomba fedha za bati na misumari ya jumba la kutazamia michezo?

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine hadi pale pale. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikapewa mamlaka ya kuingiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo, iliyogusa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na waliojenga kumbi wakajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba ndani ya kuta walizozijenga wenyewe. Mpangaji hatengenezi paa la mwenye nyumba. Huo si uvivu. Hata mpangaji wa chumba kimoja Kinondoni anaijua hesabu hiyo.

Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, majumba yaliyosongamana katikati ya jiji. Lakini mwaka 1966 ilipata kitu ambacho Unguja haikuwa nacho: sinema ya magari ya Msasani, katika wilaya iliyokuja kuwa Kinondoni, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo. Kwa jina la kigeni watu waliita Drive-In, na kituo cha basi cha hapo kikachukua jina hilo. Ni ajabu kidogo kwamba mwaka mmoja tu kabla ya Azimio la Arusha jiji la watu wa baiskeli na wa miguu lilijengewa sinema ya kutazamwa ndani ya gari. Watu waliitatua ajabu hiyo kwa njia yao. Gari moja lilibeba jamaa, majirani na watoto wa majirani, na chakula kilichopikwa nyumbani. Pikapu ilirudishwa kinyumenyume ikawa baraza. Nao waliofika kwa miguu walikuwa na mahali pao pa kukaa. Chombo kilichobuniwa Marekani kikawa Msasani chombo cha ukoo mzima.

Kisha yakaja yale ambayo kila aliyeishi miaka ya 1970 na 1980 anayakumbuka: bei ya mafuta, marufuku ya kuendesha magari Jumapili alasiri, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ukosefu wa fedha za kigeni. Filamu mpya hazikuingia. Mikanda ya zamani ilizungushwa mpaka ikachanika, na picha ikanyesha mvua ya mikwaruzo hata katika mandhari ya jangwa. Vipuri vya mashine havikupatikana. Katika hali hiyo video ilipoingia miaka ya 1980, ilikuta mgonjwa aliyekwisha kulazwa. Desturi ni kuilaumu video, na pia televisheni. Lawama hiyo ina kasoro. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwaka 1973, mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara, na bado Majestic iliendelea kuuza tikiti kwa miaka mingi. Bara televisheni haikuanza mpaka 1994, na kumbi zake zilikuwa zimekwisha kunyauka kabla. Lau televisheni ndiyo muuaji, basi Unguja ndiyo ingezikwa kwanza na Dar es Salaam ingebaki ikicheka.

Kiwanja cha Msasani kina mwisho ambao hakuna mtunzi wa riwaya angethubutu kuubuni. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani uliokuwa Oyster Bay ulilipuliwa kwa bomu. Wamarekani walitafuta eneo kubwa lililo wazi, wakalipata pale ambapo magari yalikuwa yakijipanga kutazama sinema zao. Ubalozi mpya ulifunguliwa mwaka 2003. Leo pana ukuta mrefu na walinzi, na kupiga picha hakuruhusiwi. Kumbi za katikati ya jiji nazo zilikwenda kila moja kwa njia yake, hii duka, hii ghala, hii mahali pa ibada.

Majestic haikupata hata bahati ya kuwa ghala. Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, jumba lilikuwa tayari hoi, na baadaye paa likaanguka. Kuta zilibaki, uso wa mwaka 1955 ukabaki, na ndani nyasi zikaota penye safu za viti. Hata katika hali hiyo kulikuwa na watu walioleta viti vya plastiki na mashine ndogo wakaonyesha filamu chini ya nyota, kama ilivyokuwa kabla hata ya Sinema ya Bati. Wageni walifurahia mandhari hiyo ya magofu na nyota. Wenyeji walitazama juu kwa jicho jingine, maana walijua masika ni lini. Asasi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa mstari wa mbele katika juhudi za kulikarabati jumba hilo, na kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba 2020, na roho za watu kupotea, kuliwaonyesha waliokuwa wakisitasita kwamba kuta za zamani hazingoji mikutano.

Watazamaji, kwa upande wao, walikwisha kuhama. Jiji la Dar es Salaam limepanuka kwa kasi ambayo hakuna aliyejenga Avalon angeiwaza. Madale iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, upande wa nyuma ya Tegeta na Wazo, mahali palipokuwa mashamba na machimbo ya kokoto hadi juzi juzi, na sasa ni viwanja, misingi ya nyumba, na nyumba zilizohamiwa kabla ya kupigwa lipu. Mtu wa Madale atokaye kazini saa kumi na mbili jioni hawezi kwenda sinema mjini akarudi. Hata kumbi mpya za kisasa zilizo ndani ya maduka makubwa, kama Mlimani City iliyofunguliwa mwaka 2006, humgharimu kiingilio na nauli ambavyo ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Anachokiweza ni banda umiza: mabati, mabenchi, skrini moja au mbili, jenereta kwa usiku umeme ukikatika, mpira wa Ulaya kwanza na filamu baadaye. Jina lenyewe limetokana na jinsi mbavu zinavyobanwa.

Na ndani ya banda hilo, yuko tena mkalimani. Sauti ya Lufufu na wengine waliofuata nyayo zake imewekwa juu ya filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, ikimfasiria mtazamaji kwa Kiswahili, ikiongeza utani, ikimpa staringi jina la mtaani, ikitoa onyo kabla adui hajatokea mlangoni. Wasomi wengi huidharau kazi hiyo kwa sababu si tafsiri ya neno kwa neno. Kwa kipimo hicho, hata aliyekaa Royal na kumsimulia jirani yake filamu asiyoijua lugha yake hakuwa mfasiri. Kazi ni ile ile, na inafanywa kwa Kiswahili chenye damu kuliko maandishi mengi yanayopita chini ya filamu za televisheni. Bati liliondoka Unguja karne iliyopita. Likarudi Madale, na limekuja na msimulizi wake.

Kilichokosekana ni mwanamke. Banda umiza ni mahali pa vijana wa kiume, na mama wa Madale hupita nje yake akiharakisha hatua. Ana simu, ana pengine televisheni sebuleni, anatazama tamthilia ya Kituruki peke yake au na wanawe. Lakini ile saa ya mchana, mamia ya wanawake ndani ya jumba moja wakilia na kucheka pamoja, haikuhamia popote. Wanaochora Majestic mpya watakuwa na mengi ya kuamua: paa la namna gani, viti vingapi, kiingilio kwa shilingi au kwa dola, tamasha la wageni au Jumapili ya wenyeji. Saa ya wanawake haihitaji mchoro wala mfadhili, ila mtu wa kuiandika katika ratiba iliyobandikwa mlangoni.